Maji Yanayopita Chini ya Mawe

 Mada ya mazungumzo ya leo ni maji ya bahari, lakini si yale yanayoonekana. Ni maji yanayozama ndani ya ufukwe wa changarawe baada ya wimbi kupiga, na jinsi wataalamu wanavyoyafuata kwa hesabu za kompyuta huko chini ya mawe ambako jicho halifiki.

Huenda ukauliza: maji yakishazama, yana habari gani tena? Yana habari kubwa. Huko Uingereza yamewahi kuingia majumbani mwa watu kwa kupitia ndani ya tuta la mawe lililotegemewa kuwa ngome. Na huko Alaska ndiyo yaliyoamua mafuta yaliyomwagika baharini yaondoke ufukwe gani, na yabaki ufukwe gani kwa miaka zaidi ya ishirini.

Wasikilizaji wa mwambao wetu wa Afrika Mashariki wamezoea mchanga. Anayetembea Kunduchi, Bamburi au Nungwi anakanyaga mchanga. Fukwe za mawe madogo zimejaa zaidi katika nchi za kaskazini, ambako mito ya barafu ya zama za kale iliacha changarawe nyingi. Mashuhuri kati ya hizo ni Chesil Beach, kusini mwa Uingereza. Ni tuta la mawe lenye urefu wa kilomita 29 hivi, na ajabu yake ni kwamba mawe yamejipanga kwa ukubwa: upande wa magharibi ni madogo kama punje za njegere, na kadiri unavyoelekea mashariki, kwenye kisiwa cha Portland, yanazidi kukua hadi kujaza kiganja. Husimuliwa kwamba wavuvi wa huko, wakifika ufukweni usiku wa giza, walitambua mahali waliposhukia kwa kupapasa tu mawe.

Basi tuanze na wimbi lenyewe. Nini hutokea linapopiga ufukwe wa namna hiyo?

Mtu aliyewahi kukaa karibu na nyumba inayojengwa anaweza kupata jibu. Pale kuna lundo la mchanga na lundo la kokoto. Mwaga ndoo ya maji juu ya mchanga: maji yatatiririka kwanza juu juu, yachimbe vijifereji, na yaondoke na mchanga kiasi. Mwaga ndoo ya pili juu ya kokoto: maji yanapotea papo hapo, yanatokea chini, na kokoto hazijasogea. Ufukwe wa changarawe hufanya kazi hiyohiyo, ila ndoo yake ni bahari nzima, na humwagwa kila baada ya sekunde chache, mchana na usiku.

Wimbi linapanda likiwa na maji mengi, linarudi likiwa na maji machache. Shika hapo, msikilizaji, maana mazungumzo yote ya leo yanategemea jambo hilo. Likipanda, wimbi lina nguvu ya kusukuma mawe kuelekea juu. Njiani sehemu ya maji inadidimia katikati ya mawe, kwa hiyo yale yanayorudi baharini ni machache na hayana nguvu ya kuyarudisha mawe yote. Mawe yanabaki juu. Wimbi baada ya wimbi, ufukwe unajijengea mteremko mkali na tuta refu. Kwenye mchanga mambo ni tofauti: maji hayapati mwanya wa kuzama upesi, yanarudi karibu yote, na mteremko hubaki mlalo.

Tofauti ya kasi ni kubwa kuliko mtu anavyodhani. Chini ya msukumo uleule, maji hupita katika mchanga wa kawaida kwa kasi isiyofika milimita moja kwa sekunde. Katika changarawe safi, yanaweza kwenda sentimita kadhaa kwa sekunde. Ndiyo maana ufukwe wa mawe ni ngome nzuri sana dhidi ya bahari: haulizuii wimbi kwa kifua, unalimeza. Lakini je, yale maji yaliyomezwa yanakwenda wapi?

Swali hilo wakazi wa Chiswell walijibiwa kwa uchungu. Chiswell ni kijiji kilicho nyuma ya Chesil Beach, upande wa Portland, mahali ambapo tuta la mawe ni refu kuliko kwingine. Novemba 1824 dhoruba kubwa ilikivamia, ikabomoa nyumba na kuua watu wake. Alfajiri ya tarehe 13 Februari 1979 bahari ilirudi tena. Mawimbi ya safari hii yalikuwa marefu mno, yakipishana kwa sekunde 18 hivi, na dhoruba iliyoyazaa ilikuwa mbali katika bahari ya Atlantiki. Mengine yaliruka juu ya tuta. Lakini maji mengine yalipita ndani ya tuta lenyewe, yakapenya kati ya mawe na kutokea upande wa pili, kwenye makazi ya watu.

Wenyeji walijua tangu zamani kwamba tuta lao linavuja. Mgongo wa Chesil unaotazama nchi kavu una mabonde madogo yaliyochongwa na maji yanayotoka ndani wakati wa dhoruba. Baada ya 1979 wahandisi waliliheshimu jambo hilo. Miaka ya 1980 walijenga mfereji mkubwa nyuma ya tuta, wa kuyapokea maji yanayopenya na kuyapeleka upande wa pili, kwenye bandari ya Portland. Huo ulikuwa uamuzi wa busara: hawakujaribu kuziba ufukwe usivuje, kwa sababu ufukwe usiovuja ungekuwa ukuta, na ukuta hupigwa na wimbi kwa nguvu zake zote. Waliacha uvuje, wakayapa maji njia.

Lakini mfereji uwe na upana gani? Maji kiasi gani yatapenya usiku wa dhoruba kubwa kuliko ile? Hapo macho na uzoefu havitoshi. Hapo ndipo hesabu inapoingia.

Hesabu yenyewe ilianza mbali na bahari, katika mji wa Dijon, Ufaransa. Mhandisi Henry Darcy, aliyeupatia mji huo maji safi, alitaka kujua chujio la mchanga lipitishe maji kiasi gani. Alisimamisha bomba la chuma, akalijaza mchanga, akapitisha maji, akapima. Mwaka 1856 alichapisha alichokiona. Kanuni yake ni nyepesi kuitamka: maji yanayopita katika mchanga huongezeka kadiri msukumo unavyoongezeka, na hupungua kadiri mchanga unavyokuwa mnene. Msukumo ukiwa mara mbili, maji ni mara mbili. Kanuni hiyo ingali inatumika duniani kote, kuanzia visima vya vijijini hadi mabwawa makubwa.

Ila kanuni ya Darcy inafaa pale maji yanapokwenda taratibu. Ndani ya changarawe maji yanakimbia, yanajipinda kwenye kila jiwe na kuzungukazunguka, na sehemu ya nguvu yake inapotelea humo. Ukizidisha msukumo mara mbili, hupati maji mara mbili, unapata pungufu ya hapo. Mwaka 1901 Philipp Forchheimer, mtaalamu wa maji kutoka Austria, aliongeza katika hesabu kipande kinachoshughulikia hasara hiyo. Modeli ya kompyuta inayouiga ufukwe wa mawe, ikiwa haina nyongeza hiyo, huyapa maji kasi isiyokuwepo.

Sasa kompyuta inafanya nini hasa? Inaugawa ufukwe, kutoka kwenye maji ya kina hadi nyuma ya tuta, katika vipande vingi vidogo. Kwa kila kipande inauliza: maji kiasi gani yameingia, kiasi gani yametoka, yanasukumwa na nini, na kiasi gani yamezama chini? Ikishapata majibu ya vipande vyote inasonga mbele sehemu ndogo ya sekunde, kisha inauliza tena. Dhoruba ya saa chache huhitaji maswali hayo mamilioni kwa mamilioni. Chini ya uso wa ufukwe kuna hesabu ya pili inayokwenda sambamba na ya kwanza, ya maji yaliyomo ndani ya mawe: yamepanda hadi wapi, yanaelekea baharini au nchi kavu, na yatatokea wapi.

Hesabu hizo mbili hazina budi kuzungumza. Hilo ndilo gumu. Wimbi linatoa maji kuyapa mawe, na mawe yanayarudisha baadaye, mahali pengine. Tuta likiwa kavu, linameza wimbi zima. Likiwa limeshalowa hadi juu kwa sababu bahari imejaa tangu saa nyingi, halina nafasi tena, na wimbi lilelile sasa linapanda mbali zaidi. Wimbi moja, ufukwe mmoja, matokeo mawili. Modeli isiyojua hali ya maji ndani ya ufukwe haiwezi kusema ukweli kuhusu maji ya juu yake.

Mojawapo ya modeli zinazojulikana sana kwa kazi hii ni XBeach-G, iliyotokana na modeli kongwe ya fukwe za mchanga. Herufi hiyo ya mwisho ni ya neno la Kiingereza gravel, yaani changarawe. Iliandaliwa na Robert McCall, Gerd Masselink na wenzao wa Chuo Kikuu cha Plymouth, pamoja na Dano Roelvink wa Uholanzi, na maelezo yake yalichapishwa mwaka 2014. Kinachostahili sifa ni jinsi ilivyopimwa. Mwaka 2008, katika mfereji mkubwa wa mawimbi wa huko Uholanzi uitwao Delta Flume, watafiti walikuwa wamejenga tuta halisi la changarawe lenye kimo cha mita 4 hivi, wakazika ndani yake vipima shinikizo, kisha wakalipiga kwa mawimbi. Matokeo ya tuta hilo yalikuja kulinganishwa na majibu ya kompyuta. Modeli ikapelekwa pia kwenye vipimo vya fukwe zenyewe, kama Chesil na Loe Bar ya Cornwall, ambako watu walisimamisha vyombo vyao katika dhoruba za kweli.

Bila vipimo hivyo, kompyuta ingebaki kutoa picha nzuri zisizo na dhamana. Modeli ya maji ndani ya changarawe inahitaji kuambiwa namba moja kabla ya nyingine zote: mawe haya yanapitisha maji kwa kasi gani? Ukikosea namba hiyo, umekosea kila kitu kinachofuata. Na namba hiyo haipatikani ofisini.

Tena ni namba isiyotabirika kwa macho. Chukua changarawe safi, uichanganye na mchanga. Mchanga ukifika karibu theluthi moja ya mchanganyiko, nafasi kati ya mawe zinajaa, na ufukwe ambao kwa mtazamaji bado ni wa mawe huanza kupitisha maji kama ufukwe wa mchanga. Fukwe kadhaa za Uingereza zilizoongezewa changarawe kutoka chini ya bahari zimekumbwa na tatizo hilo: changarawe ilikuja na mchanga wake, maji yakashindwa kuzama vizuri, na mawimbi yakakata ukingo wima kama ukuta mahali ambapo palitarajiwa mteremko.

Wapo waliopata hasara kubwa zaidi kwa kutoujua ufukwe wao. Mwishoni mwa karne ya 19 changarawe nyingi ilichimbwa mbele ya kijiji cha wavuvi cha Hallsands, huko Devon, kwa ajili ya ujenzi wa gati za jeshi la majini karibu na Plymouth. Iliaminiwa kwamba bahari ingerudisha mawe mengine. Haikurudisha. Ufukwe ukashuka, kijiji kikabaki bila kitu cha kuyameza mawimbi, na Januari 1917 dhoruba ikakibomoa. Wakati ule hapakuwa na kompyuta, lakini wavuvi wenyewe walikuwa wamelalamika mapema, na uchimbaji ulisimamishwa mwaka 1902 ufukwe ukiwa umeshaharibika.

Sasa twende Alaska, msikilizaji, kwa sababu huko ndiko hesabu ya maji chini ya mawe ilikojibu swali lililowashinda watu wengi.

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Machi 1989 meli ya mafuta Exxon Valdez iligonga mwamba wa Bligh Reef katika ghuba ya Prince William Sound. Zaidi ya lita milioni 40 za mafuta ghafi zilimwagika. Yaliendeshwa na upepo na mikondo, yakachafua mwambao wa kilomita zipatazo 2,000, na sehemu kubwa ya mwambao huo ni ya mawe na changarawe. Kiangazi kile maelfu ya wafanyakazi waliosha mawe kwa mipira ya maji ya moto yenye shinikizo kubwa. Miaka ya mwanzo mafuta yalipungua upesi, na wengi waliamini kwamba mawimbi, mvua na bakteria wangemaliza yaliyobaki.

Kisha kasi ikapungua. Mwaka 2001 watafiti wa serikali ya Marekani walichimba maelfu ya mashimo katika fukwe zile. Juu, mawe yalikuwa safi. Chini, sentimita chache tu, mafuta yalikuwapo bado, mabichi na yenye harufu yake. Yalikuwapo katika ufukwe huu, na katika ufukwe mwingine wa jirani hayakuwapo. Kwa nini? Mawe yaleyale, bahari ileile, mafuta yaleyale.

Michel Boufadel na Hailong Li, waliokuwa Chuo Kikuu cha Temple huko Philadelphia, walikwenda kuutafuta mtiririko wa maji. Walizika mabomba katika fukwe, ukiwemo ule wa kisiwa cha Eleanor, wakapima maji ndani ya ufukwe yanavyopanda na kushuka bahari inapojaa na kupwa, na chumvi iliyomo. Vipimo hivyo waliviingiza katika modeli ya kompyuta. Majibu yao yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la Nature Geoscience.

Waligundua kwamba ufukwe ule una matabaka mawili. La juu ni changarawe huru, maji yanapita kwa kasi. La chini limeshikamana, na tabaka la juu linapitisha maji kwa kasi inayoweza kuwa mara 1,000 ya lile la chini. Mara elfu moja! Sasa fikiria bahari inapopwa. Mahali ambapo maji baridi ya mvua na theluji yanateremka kwa wingi kutoka nchi kavu, tabaka la chini hubaki limejaa maji muda wote, na mafuta hayapati pa kuingia. Yanabaki juu, mawimbi yanayaondoa. Lakini mahali ambapo maji baridi ni haba, usawa wa maji ulishuka hadi ndani ya tabaka la chini, na mafuta yakaufuata. Yakaingia kwenye vinafasi vidogo na kunasa humo.

Yakishanasa, nani atayatoa? Bahari ikijaa tena, maji yanakimbilia njia rahisi, yaani tabaka la juu. La chini hayaligusi sana. Kwa kuwa maji hayabadilishwi, oksijeni nayo haifiki ya kutosha, na bakteria wanaokula mafuta hawana pumzi ya kufanyia kazi. Haya yote ni matokeo ya mtiririko wa maji. Kuosha uso wa mawe kusingeweza kuyafikia mafuta hayo, hata kungerudiwa kila kiangazi.

Na jibu hilo lilifungua njia ya vitendo. Ikiwa tatizo ni oksijeni isiyoshuka, basi ipelekwe huko huko chini. Boufadel na wenzake walijaribu baadaye kuingiza oksijeni na virutubisho moja kwa moja katika tabaka la chini kwa njia ya mabomba, ili bakteria wapate nguvu ya kuyala mafuta yaliyonasa. Uamuzi wa namna hiyo hauwezi kufanywa na mtu aliyesimama juu ya mawe akitazama tu. Unahitaji mtu aliyechimba, akapima, akahesabu.

Je, haya yanawahusu vipi watu wa mwambao wa mchanga, mikoko na matumbawe? Yanawahusu. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, mwisho wake ni Chongoleani mkoani Tanga, na Mombasa imekuwa ikipokea meli za mafuta tangu zamani. Fukwe za huku si za changarawe, lakini sehemu nyingi mchanga umelala juu ya mwamba wa matumbawe, nao mwamba huo mahali pengine ni mgumu na mahali pengine umejaa matundu. Hayo nayo ni matabaka mawili. Maji baridi kutoka nchi kavu hutokea ufukweni bahari inapopwa. Wanaotembea pwani wakati wa bamvua wanayaona yakibubujika. Yanapotokea kwa wingi na yasipotokea kabisa, huenda ikawa ndiyo tofauti kati ya ufukwe utakaojisafisha na ufukwe utakaobaki na uchafu kwa kizazi kizima.

Vipimo hivyo havihitaji mtambo wa ajabu kuanza. Bomba lenye matundu lililozikwa ufukweni, kipima kina cha maji, kipima chumvi, na vijana wenye subira ya kukaa hapo maji yakijaa na kupwa kuanzia bamvua hadi maji mafu. Hesabu itafuata, kwa maana programu za kompyuta za kazi hii zipo na nyingine hutolewa bure. Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyopo Zanzibar na ile ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya zina wataalamu wanaoijua bahari hii. Ombi la mazungumzo haya kwao, na kwa wanaosimamia bandari na mafuta, ni hili: fukwe za Tanga na Mombasa zipimwe ndani, tabaka kwa tabaka, sasa zikiwa bado safi. Alaska walipima miaka mingi baada ya mafuta kuingia.